Upande wa Mlima

Mimi pwani yetu naijua hivi: kwanza kinywa cha abiria kinafunguka kidogo, kisha kinasahau kufunga. Anayetafuna anaacha kutafuna. Aliyekuwa akigombana na mkewe anamshika mkono bila kujua kwamba kamshika. Watoto ndio hawana adabu kabisa. Wao hupanda juu ya viti na kuuliza kwa sauti ni nani ameweka maji yote yale, na kwa nini hayamwagiki. Halafu basi zima, wazee kwa vijana, linatoa sauti moja: "Loo!" Hapo ndipo ninapojua kwamba nyuma ya mgongo wangu bahari imejitokeza.

Maana kazi yangu huifanya kinyumenyume. Mimi ni mwongoza watalii kwenye basi la matembezi, lile linalotoka mjini asubuhi, likafuata ufuo hadi mnara wa taa, likasimama kwenye pango la popo na kwenye daraja la kamba lililo juu ya maporomoko, kisha likapanda barabara ya mlimani kona baada ya kona hadi kileleni, kwenye mgahawa na darubini ya kukodi. Safari yote hiyo mimi nimesimama mbele, ubavuni mwa dereva, mgongo umeelekea kioo kikubwa na uso umeelekea abiria. Mkono mmoja umeshika kipaza sauti, wa pili umeshika bomba la chuma. Kona nazijua kwa nyayo. Hii inakuvuta kisigino, ile inakusukuma kwenye vidole, na ile ndefu iliyo karibu na juu, ambayo madereva wote wanaiita Kona ya Loo, inakukunja goti la kulia polepole, kama mwenyeji anayekuomba ukae.

Jambo la kwanza unalofundishwa katika kazi hii ni kugeuza mikono. Kushoto kwao ni kulia kwako, na anayezungumza na abiria hana budi kuzungumza kwa mikono yao. Wanaoanza kazi hukosea mara kwa mara. Humwambia mtu atazame bahari kumbe wanamwelekeza kwenye mwamba, na basi zima likacheka. Mimi nilikwisha kupita huko zamani. Nilizoea kugeuza mpaka nikageuka mwenyewe. Siku hizi hata mitaani kulia nakuita kushoto. Kuna mama mmoja aliniuliza njia ya hospitali, nikamwelekeza kwa upole na kwa uhakika mkubwa hadi soko la samaki. Mume wangu amewaomba majirani wasiniulize njia yoyote ile, hata ya kuingilia chooni.

Mtu anaweza kuuliza, je, kwenye vituo nako hutazami? Kwenye vituo nina shughuli. Nahesabu vichwa, nawashusha watoto ukutani, nawaonyesha watu vyoo, nawapiga picha maharusi ambao kila picha wanaikataa. Bahari nimeiona vipande vipande, pembeni mwa masikio ya watu, kama mpishi anavyoiona harusi. Nikirudi nyumbani nikiulizwa leo kulikuwaje, najua waliolia walikuwa kiti gani, lakini bahari ilikuwa na rangi gani siwezi kusema.

Tena nisiisingizie kazi peke yake. Mimi nimezaliwa katika nyumba iliyoipa bahari mgongo. Iko chini ya mlima, na nyumba zote za jirani zimefungua vibaraza na madirisha upande wa maji. Yetu upande huo ina ukuta mtupu wa mawe, kutoka kona hadi kona, bila hata tundu la kupitisha paka. Aliyeujenga ni baba. Baba alikuwa mvunja mawe, na katika ujana wake alikuwa mmoja wa wale walioikata barabara ya mlimani, wakiwa wananing'inia kwa kamba mbele ya jabali, na nyundo na tindo mikononi. Alifanya kazi hiyo pamoja na kaka yake, ambaye sisi watoto hatukumwona. Huyo ndiye Baba Mkubwa Chumvi. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuweza kusimulia kitu bila kukitia chumvi. Akiona panya alisema ameona sungura, na sungura mwenyewe alikuwa amevaa viatu.

Baba Mkubwa Chumvi alianguka kutoka kwenye mlima ule kabla barabara haijakwisha. Nyumbani kwetu habari hiyo ilikuwa na maneno machache tu: "Aligeuka kutazama bahari." Baada ya hapo mama, Mungu amrehemu, alibadili mazungumzo. Sisi tukakua tukijua kwamba bahari si kitu cha kukazia macho. Wenzetu walikwenda ufuoni na kurudi na mchanga kwenye nywele. Sisi tulikwenda kwa kujificha na kujikung'uta kabla ya kuingia ndani. Kisha nikakua, nikatafuta kazi, na kati ya kazi zote za dunia nikapata ya kuisifu bahari nikiwa nimeipa mgongo. Baba alipoambiwa nitasimama kinyumenyume, alisema hiyo ni kazi nzuri.

Mwaka huu kifua chake kilizidi. Vumbi la mawe alilolivuta ujanani halijatoka, limejenga humo humo. Daktari akasema unyevu wa kwetu utammaliza, ahamie kwa kaka yangu huko bara, kwenye hewa kavu na nchi tambarare, ambako kaka anasema mtu akipanda juu ya debe anaona mpaka kesho. Tukakubaliana siku. Na sote tulijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka, kwamba baba akienda harudi.

Hapo ndipo jambo moja likanikaa rohoni, likaninyima usingizi: baba asiondoke kabla ya kuiona ile kona. Nimewaona watu wazima wakilia pale, watu waliotoka mbali, waliojibana mwaka mzima ili wafike. Nimemwona mzee akivua kofia. Na yeye aliyeitoboa njia ya kuwafikisha ataondoka bila kujua aliwatobolea nini? Nilihisi hilo kuwa ni dhuluma, na kwamba nikilinyamazia nitakuwa nimeshiriki.

Nilimwendea chumbani mchana, tukiwa tunapanga nguo zake kwenye sanduku.

"Baba, keshokutwa unaondoka. Kesho njoo tupande wote kwenye basi."

"Kwenda wapi?"

"Juu. Kwenye barabara yenu."

"Barabara hiyo nimeiona kabla haijawa barabara," alisema. "Lile koti la kahawia usilikunje, nitalivaa."

"Uliuona mwamba, baba. Hukuona upande wa pili."

Alichukua kiatu, akakitazama soli, akakirudisha chini. "Upande wa pili aliutazama mwenzangu. Inatosha mmoja kwa nyumba moja."

Niliinamia sanduku nikaanza kuyakunja upya mashati yaliyokwisha kukunjwa. Kisha nikapata wazo.

"Basi njoo unitazame mimi. Tangu nianze kazi hii hujaniona nikiifanya hata siku moja. Utakwenda huko kwa kaka, watu wakuulize binti yako anafanya kazi gani, utasema nini?"

Hilo lilimwingia. Alikaa kitandani, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akajifuta.

"Hilo sawa," alisema. "Nitakuja kukutazama wewe. Nitakaa upande wa mlima, sitatazama kitu kingine. Na usinifanyie ujanja."

"Ujanja gani tena, baba?"

"Wewe una damu ya Chumvi. Nakujua."

Kesho yake alikuja kituoni kwa mguu, na koti lake la kahawia, amenyoa ndevu vizuri kama mtu anayekwenda kuposa. Dereva wetu tunamwita Taratibu, na abiria wenye haraka hulielewa jina hilo kabla hatujatoka mjini. Aliruka chini kumpokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayempeleka binti yangu kinyumenyume kila siku?"

"Anajipeleka mwenyewe, mzee. Mimi naenda mbele."

Baba alicheka, na mimi nikaona siku imeanza vizuri. Nilimkalisha kiti cha mbele, dirishani, upande wa kulia, ambao ndio upande wa mlima tunapopanda. Nyuma yake alikaa bwana mmoja mnene aliyekuwa na mfuko wa karanga, akitafuna tangu kabla injini haijawaka. Upande wa pili walikaa maharusi, wameshikana mikono, wakishindwa kula mandazi yao kwa sababu hakuna aliyetaka kuachia kwanza. Waliobaki ni wale wale wa kila siku, wenye kofia mpya na simu mikononi.

Mnarani baba hakushuka. Watu walipanda ngazi, wakachungulia bahari kutoka juu, wakarudi wakihema na wakiwa na furaha, yeye amekaa na mikono juu ya magoti. Pangoni hakushuka, alisema popo amewaona wa kutosha. Kwenye daraja la kamba mvuke wa maporomoko uliingia mpaka ndani ya basi, ukatulowesha nyuso, na watu wakapita juu ya daraja wakipiga kelele na kushikana. Nilibaki naye dakika chache.

"Unaonaje, baba?"

"Unasema vizuri," alisema. "Ila unasema sana."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Mwenyewe anasema kuliko wewe." Alionyesha kwa kidevu kule yaliko maporomoko, lakini shingo hakuigeuza. "Mwache naye aseme."

Tukaanza kupanda. Asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunika. Ukungu ulikaa kwenye vioo, Taratibu akawasha taa na kuwa Taratibu zaidi, na watu wakaanza kunung'unika kwamba wamepoteza siku yao. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nimewahi kuona ukungu ule ukishuka kama shuka linalovutwa kitandani, ghafla, karibu na juu. Wasiwasi wangu ulikuwa mwingine. Nilikuwa nimeliweka tumaini langu lote kwenye shingo za watu. Nilijiambia, tukifika Kona ya Loo, nyuso zote zikigeuka kwa pamoja, wakipiga ukelele wao, shingo ya baba haitaweza kubaki peke yake. Itageuka hata kama mwenyewe hataki. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu, na alikuwa ameunusa kabla sijaufikiria.

Goti la kulia likaanza kukunjika. Nyuma yangu mwanga ulibadilika, nikauona kwenye mashavu ya abiria, kwanza kijivu, halafu maziwa, halafu dhahabu. Ukungu umefunguka. Niliinua kipaza sauti.

"Na sasa, mabibi na mabwana, jiandaeni," nilisema, na macho yangu yakaenda kwa baba.

Alikuwa ananitazama. Ahadi yake aliitimiza tangu mjini. Hakuwa ametazama kitu kingine. Na machoni mwake mlikuwa na fahari, fahari tupu, ambayo sikuiona hata siku ya harusi yangu. Nilikumbuka kwamba kesho macho hayo yatakuwa mbali, na kesho yake pia, na kwamba kuna siku yatafumbwa huko tambarare nami nikiwa hapa nimeshika bomba. Nikasahau kwamba mimi ni mwongozaji. Nikawa mtoto aliyesimama mbele ya baba yake, na kulia kwangu kukawa kulia tu.

"Tazameni kulia kwenu!"

Watu wakageuka kulia. Wa upande wa bahari wakanyanyuka vitini, wakaegemea wenzao, wakachungulia juu ya kichwa cha baba. Wote, basi zima, wakautazama mwamba. Nilingoja. Hapakuwa na Loo. Palikuwa na injini peke yake, na Taratibu aliyenigeukia nusu, uso wake ukiniuliza kama naumwa.

Damu ilinipanda kichwani. Kosa la wanafunzi, siku ile, mbele ya mtu yule! Nilifungua mdomo nijisahihishe, kabla kona haijatupita, lakini nikaona kitu ambacho kilinizuia. Bwana wa karanga alikuwa ameacha kutafuna.

"Hii mistari," alisema, na kidole chake kikagonga kioo. "Hii ni ya wadudu au ya watu?"

Nami nikatazama, kwa mara ya kwanza. Barabara pale ni nyembamba na mwamba uko karibu, ungeweza kuugusa kwa mkono ukifungua dirisha. Ulikuwa umelowa ukungu na jua limeupiga, unang'aa kama mgongo wa mnyama aliyetoka mtoni. Na kutoka juu kabisa, pale macho yanapofika, hadi chini kwenye lami, ulikuwa umechorwa mifereji iliyosimama wima, mmoja karibu na mwingine, mamia kwa mamia, kila mmoja upana wa kidole gumba. Ni nusu za matundu. Mwamba ulitobolewa tundu kwa tundu, ukajazwa baruti, ukapasuka, na nusu ya kila tundu ikabaki ukutani kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa. Nimepita pale maisha yangu yote ya kazi. Hayakuwa kwenye maneno niliyofundishwa. Maneno niliyofundishwa yalisema tu kwamba barabara ilijengwa.

"Ni watu," baba alisema.

Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amegeuza uso kwenye dirisha lake, kiganja kimebandikwa kwenye kioo.

"Kwa mashine gani, mzee?" bwana wa karanga aliuliza.

"Nyundo na tindo. Mmoja anashika, mmoja anapiga. Mnaning'inia hapo, uso kwenye jiwe, kutwa."

Bibi harusi alisema, kwa sauti ndogo, "Mpaka juu kule?" na baba akasema, "Juu ndiko tulikoanzia." Ndipo nikaisikia, ile sauti ya basi zima, lakini chini chini, kama watu waliomo msikitini au kanisani. Nilikuwa nimeisikia kila siku wakiipa bahari. Ilinisisimua mpaka kwenye nywele kusikia wakimpa baba.

Taratibu hakuniuliza. Aliingiza basi kwenye nafasi ya kuegesha iliyo mbele ya ukuta ule, akazima injini, akaja kumfungulia baba mlango mwenyewe.

Baba alishuka akiangalia ardhi. Aliuendea mwamba moja kwa moja, na watu wakamfuata, wakaugusa, wakapimisha vidole vyao kwenye mifereji, wakapigana picha nao. Bwana wa karanga alishika jiwe kwa mikono miwili akawa anatikisa kichwa. Lakini bahari nayo ina wito wake. Mmoja mmoja walianza kugeuka, wakavuka barabara hadi kwenye ukuta mfupi wa upande wa pili, na huko nyuma yetu nikasikia Loo ya kwanza, na ya pili, halafu zikawa nyingi. Tukabaki wawili, mimi na baba, nyuso kwenye mwamba.

Alitembea polepole akipapasa, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye giza. Kisha akasimama na kukiweka kidole gumba kwenye mfereji mmoja. Kilijaa sawasawa.

"Huu tuliutoboa mimi na yeye," alisema. "Ona unavyokwenda upande. Hakuwa na subira, Chumvi. Alipiga nyundo huku anasimulia."

Nyumbani kwetu habari hiyo haikuwahi kufika mbali hivyo.

"Wanaona nini hao?" aliuliza.

"Wanaona milima inavyoshuka baharini," nilianza, kwa ile sauti yangu ya kazi, "na kwa mbali, siku ya mwanga mzuri kama leo, ufuo wote wa..."

"Hayo ni ya kwenye kipaza sauti. Nakuuliza wewe."

Nikatafuta. Nilitafuta kweli kweli, kichwani na moyoni, na nilichokipata ni nyuso tu.

"Sijui, baba. Huwa nimegeukia watu."

Nilidhani atacheka, lakini alikirudisha kidole gumba kwenye mfereji.

"Chumvi aliniita, unajua," alisema. "Watu wanasema aligeuka akaanguka. Aligeuka, ndiyo. Lakini aligeuka kitambo. Alikaa kwenye kamba yake ameugeuzia mlima mgongo, miguu inaning'inia, kama mtu aliye kwenye bembea, akaniambia, 'Wewe mdogo wangu, acha hilo jiwe. Geuka uone! Hujaona kitu kama hiki tangu uzaliwe.' Nikasema moyoni, ameanza. Asubuhi alikuwa ameniambia mpishi wa kambi ana vidole sita. Nikamwambia, 'Piga kazi.' Akaniambia tena, 'Geuka uone.' Nikapiga nyundo. Halafu nikasikia kamba." Alimeza mate. "Ilikuwa kuukuu, ile kamba. Ingekatika hata kama angetazama jiwe. Lakini mimi nilihitaji kitu cha kukasirikia, na bahari ilikuwa karibu."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa mgumu na wa baridi.

"Wewe mwongozaji," alisema. "Mtu anageukaje hapa?"

"Kwa upande wa bega, baba. Polepole. Mimi nimekushika."

Tukageuka, tukavuka barabara hadi kwenye ukuta mfupi.

Nimejaribu mara nyingi kuyasimulia yale na kila mara nimeshindwa, kwa hiyo nitasema niwezavyo. Nilifikiri bahari hulala. Haikulala. Ilikuwa imesimama mbele yetu, ndefu kwenda juu kuliko nilivyowahi kuwaza, mpaka mstari wa mwisho ulikuwa sawa na macho yetu, na mbingu ikaanzia hapo kama kitu cha ziada. Milima ilishuka kuiendea, bega baada ya bega, la kwanza kijani kibichi, la pili samawati, la mwisho hafifu mno hata sikuwa na hakika kama lipo. Ukungu uliotusumbua asubuhi ulikuwa sasa chini ya miguu yetu, mweupe, unatoka mabondeni bila haraka. Kivuli cha wingu kilikuwa kinavuka maji, na popote kilipopita rangi ilizama, na kilipoondoka rangi ilirudi, bila mtu yeyote kuiamuru. Mawimbi yalipasuka chini kabisa, uzi mweupe pembeni mwa nchi nzima, na hayakutoa sauti. Mnara wa taa, ule ambao watu walikuwa wamehemea ngazi zake, ulikuwa kama njiti ya kiberiti iliyochomekwa mchangani.

Niliogopa. Nasema kweli, nilitaka kurudi kwenye mwamba. Halafu hofu ikanitoka, ikabaki furaha kubwa isiyo na sababu, nikahisi kifua kimekuwa kidogo. Nikaelewa nyuso zangu zote. Yule mzee aliyevua kofia, wale wanaoshikana mikono, wale watoto na swali lao. Kila mmoja alikuwa ameniambia, kila siku, na mimi nilidhani nawaambia wao. Nilijua bila kioo kwamba kinywa changu kiko wazi na kimesahau kufunga.

Nikamgeukia baba, kwa mazoea, kuusoma uso wake. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye mashavu aliyoyanyoa asubuhi, na hakuyafuta. Alitazama kama mtu mwenye kiu anavyokunywa, bila kupumzika. Kikohozi kilimjia, akakingoja kipite, akaendelea kutazama. Nyuma yetu Taratibu aliwaambia watu kwamba leo hatuna haraka, nao kwa mara ya kwanza wakacheka badala ya kunung'unika.

"Mwongo yule," baba alisema mwishowe.

"Nani, baba?"

"Kaka yangu." Alivuta pumzi, na pumzi ikaingia yote. "Siku hiyo hakutia chumvi hata punje."

Bwana wa karanga alitujia na simu yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye kiti. Alisimama upande wa mwamba, akainama, akafumba jicho moja.

"Mzee, dada, geukeni huku niwapige picha! Bahari itatokea nyuma yenu, vizuri kabisa."

Nilianza kugeuka, miguu yangu inaijua kazi hiyo kuliko mimi. Baba aliubana mkono wangu.

"Tupige hivi hivi tulivyo," alisema, bila kutoa macho kule mbele.

Picha hiyo sasa iko ukutani huko bara, kwenye chumba cha baba. Kaka anasema ndiyo kitu cha kwanza mgeni anachokiona akiingia: koti la kahawia, shati langu la kazi, visogo viwili, na mbele yao mwanga mwingi. Wageni humuuliza baba mbona watu hawa hawaonyeshi nyuso.

"Tulikuwa na shughuli," huwajibu.